Mahali Kitambaa Hakifiki

"Wasafishaji walikuwa wamegoma?"

Hilo ndilo swali la kwanza babu aliniuliza nilipomwekea injini yangu mkononi. Nilikuwa nimesafiri nayo kutoka Nairobi hadi Voi ndani ya boksi la viatu, nimeizungushia tisho, nikaishika magotini safari nzima kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Wiki sita za kazi zilikuwa ndani ya hilo boksi. Ni injini ya mvuke ya plastiki, kipimo cha 1:76, urefu wake unakaribia rula ya shule. Nilikuwa nimeipaka masizi juu, kutu chini, michirizi ya chokaa ubavuni na mafuta kwenye magurudumu, yote kwa brashi. Nilitarajia aseme, "Eeh, kijana, umeweza."

Aliisogeza dirishani penye mwanga. Akavaa miwani. Akavua miwani.

"Hapana, babu. Hivi ndivyo zilivyokuwa," nikasema.

"Wapi?"

"Uingereza. 1967."

"Mmh," akasema. Ile mmh ya wazee ambayo si ndiyo wala si la.

Sasa, babu si mtu wa kudanganya kuhusu injini. Aliingia Reli ya Afrika Mashariki mwaka wa 1966 akiwa na miaka 18, msafishaji katika shedi ya Nairobi. Kazi yake ilikuwa kupanguza mashine zenye uzito wa mamia ya tani kwa fundo la nyuzi za pamba na mafuta ya taa. Mimi nilikuwa nimemletea zawadi ambayo, ukiitazama kwa jicho lake, ilikuwa picha ya kazi ambayo haikufanywa.

Wacha nirudi nyuma kidogo.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Kozi ilikuwa uhandisi wa mitambo, karo ilikuwa karo, na sitaki kulifanya jambo hili kuwa kubwa kuliko lilivyo. Ila babu aliuza ng'ombe wawili kunilipia muhula wa kwanza, na tangu niache hajawahi kuwataja hao ng'ombe hata mara moja. Angewataja ningepumua. Siku hizi naandika: maelezo ya bidhaa za watu, hotuba za harusi, na nikibahatika, makala kama hii. Siku moja katika soko la Toi, kwenye rundo la vinyago vya mitumba, nikaona boksi la Airfix lililokunjika pembe. Ndani kulikuwa na vipande vya injini iitwayo Evening Star, bado vimeshikamana na fremu zake, na hakuna hata kimoja kilichopotea. Muuzaji alitaka soo sita. Aliniambia hiyo ni ya watoto, boss. Nikamwambia najua.

Vipande hivyo vina historia yake. Kalibu zilizovifinyanga zilitengenezwa na Rosebud, kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikiuza wanasesere, ambayo karibu na 1960 ilijaribu bahati kwenye modeli za reli kwa jina la Kitmaster. Waliwahi kutoa hata Garratt, ingawa ilikuwa ya Uingereza na si ya kwetu. Biashara haikuwakubali. Mwaka wa 1962 Airfix wakachukua kalibu, na baadaye zikaenda kwa Dapol. Kwa hiyo boksi langu la Toi lilikuwa mtumba wa kweli, hadi kwenye kalibu.

Kuunganisha hakukuwa noma. Noma ilianza kwenye uchafu.

Mtu ambaye hajawahi kushika modeli huenda asielewe kwa nini mtu mzima apake rangi safi, aisubiri ikauke, halafu aichafue makusudi. Hata wenye uraibu huu walichukua muda kukubali. Airfix ilianzishwa mwaka wa 1939 na Nicholas Kove, Mhungaria aliyehamia Uingereza. Kampuni ilitengeneza vinyago vya kujazwa hewa, ikauza vitana, na mwaka wa 1949 ikatoa trekta ndogo ya Ferguson kwa ajili ya mawakala wa mauzo. Mwaka wa 1952 ikaja meli ya Golden Hind, iliyouzwa katika maduka ya Woolworths kwa bei ambayo mtoto angeimudu. Watoto wa enzi hiyo walitaka ndege ing'ae. Ikiwa na uchafu wowote, ulikuwa alama ya kidole chenye gundi.

Waliochafua mapema ni watu wa reli. Kule Monterey, California, kulikuwa na mpiga picha aitwaye John Allen aliyejenga reli nzima ndogo nyumbani kwake, akaiita Gorre & Daphetid. Ukilisoma jina hilo kwa sauti, kwa Kiingereza linasikika kama "iliyojaa damu na iliyoshindwa", na huo ndio ulikuwa utani wake. Allen alielewa kitu ambacho mpiga picha yeyote angekielewa: kitu kidogo kilicho safi kinaonekana kidogo. Taa ikikimulika, kinabaki kinyago. Ukikitia vumbi mahali vumbi hukaa na kutu mahali maji husimama, jicho linasahau ukubwa wake. Picha zake zikachapishwa kwenye magazeti ya wapenda reli, watu wakaanza kuiga. Allen alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza sehemu kubwa ya ile reli. Kilichobaki zaidi ni picha.

Halafu ikaja 1977, na hapa hata wewe usiyejali modeli unahusika. Vyombo vya angani katika Star Wars vilijengwa na vijana wa Industrial Light & Magic waliovunjavunja mamia ya vifurushi vya modeli za vifaru, magari na ndege, wakabandika vipande, kisha wakavipaka masizi na mafuta. Kabla ya hapo, vyombo vingi vya angani kwenye filamu vilikuwa vyeupe na safi kama hospitali ya matajiri. Millennium Falcon ilionekana kama matatu iliyokosa sevisi. Ndiyo maana tuliiamini.

Kitu kinachofanya kazi hiyo kinaitwa woshi. Ni rangi iliyozimuliwa hadi karibu isiwe rangi tena. Chukua rangi ya mafuta ya wachoraji, mimi nilitumia ya kahawia iliyoiva na tone la nyeusi, halafu uizimue kwa tapentaini mpaka iwe nyepesi kama strungi. Si chai ya maziwa. Strungi. Ukigusisha ncha ya brashi kwenye mstari wa riveti, ile rangi inakimbia yenyewe kufuata ufa, vile maji hupanda pindo la suruali ukitembea kwenye mvua. Inaingia mashimoni na pembeni, inatulia. Unasubiri kama nusu saa. Kisha unapanguza sehemu zilizoinuka, na uchafu unabaki kwenye mabonde.

Nikiandika hivi inasikika rahisi. Jaribio langu la kwanza nilienda duka la vifaa vya ujenzi nikaomba thina. Mwenye duka hakukosea. Nilisema thina, akanipa thina, ile ya rangi za magari. Nilipoigusisha kwenye kipande cha tenda, plastiki ilianza kulainika kama chingamu na brashi ikaacha alama ambayo ipo hadi leo. Nilikaa chini nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Baada ya hapo nikajifunza kusema tapentaini, na kujaribu kila kitu kwanza kwenye zile fremu zinazobaki baada ya kukata vipande. Usitupe hizo fremu. Pia fungua dirisha. Ile harufu si ya mchezo katika bedsita.

Jaribio la pili lilikuwa na kosa la aina nyingine. Nilipaka woshi moja kwa moja juu ya rangi isiyong'aa. Rangi ya aina hiyo ina vinyweleo, inanyonya. Badala ya kukimbilia kwenye nyufa, woshi ilisambaa na kukauka ikiwa na ukingo, kama alama ya kikombe kwenye meza. Ndipo nikaelewa kwa nini wanaojua hutangulia na tabaka la vanishi inayong'aa: woshi inateleza juu yake hadi mahali pake, na ukikosea unaweza kuifuta. Vanishi isiyong'aa huja mwisho kabisa, kufunga kazi.

Kosa la tatu lilikuwa rangi yenyewe. Evening Star ya kweli ilikuwa ya kijani, na bomba lake la moshi lilikuwa na kofia ya shaba. Ilikuwa injini ya mvuke ya mwisho kujengwa kwa ajili ya reli za Uingereza, ikatoka karakana ya Swindon Machi 1960, kwa hiyo iliremeshwa. Lakini dada zake 250 wa aina ya 9F walikuwa weusi tii, na mimi nilitaka mmoja wa hao. Nikapaka nyeusi. Kumbe nyeusi ya kweli haina mahali pa kuweka kivuli! Woshi ya kahawia iliyokolea iliingia mle ndani na kupotea kama paka usiku. Ikabidi nirudie: rangi ya chini iwe kijivu kizito ambacho jicho litakiita cheusi, na woshi iwe na udongo na majivu ndani yake, nyepesi kuliko injini yenyewe.

Nilikuwa nafuata picha moja niliyoihifadhi kwenye simu. 9F, 1967, imesimama chini ya anga la mvua. Namba haisomeki. Ubavu wote ni tabaka juu ya tabaka la masizi na mafuta, isipokuwa sehemu ndogo chini ya dirisha la dereva ambapo mtu alipitisha kitambaa mara moja ili namba ionekane, kisha akaacha. Niliitazama picha hiyo kwa wiki nyingi nikidhani natazama umri wa mashine. Hebu fanya hesabu. 9F zilijengwa kati ya 1954 na 1960. Ile injini iliyoonekana kama mabaki ya vita haikuwa na zaidi ya miaka 13. Evening Star yenyewe iliondolewa kazini 1965, baada ya miaka mitano tu. Prado zinazopita Ngong Road zina umri kuliko hiyo.

Uchafu ule haukuwa umri. Ulikuwa uhaba wa vijana. Kwa miongo mingi, kijana Mwingereza aliyetaka kuwa dereva wa treni alianza kama msafishaji, akapanda kuwa faiamani, na baada ya miaka mingi akashika usukani. Baada ya Vita Vikuu vya Pili viwanda vilikuwa vinatafuta watu, vinalipa vizuri zaidi, na huko huamki saa tisa usiku kulala chini ya injini. Mwaka wa 1955 ukatangazwa mpango wa kuachana na mvuke. Nani angeingia kwenye ngazi inayojulikana itakatwa? Shedi zikabaki na injini nyingi na mikono michache, na mikono hiyo ikatumika kwa yale yanayofanya treni iende. Mng'ao haufanyi treni iende. Mwishoni, vijana wapenda reli walikuwa wakiingia shedi usiku na vitambaa vyao wenyewe, kusafisha upande mmoja wa injini ili asubuhi waipige picha. Agosti 1968 mvuke ukakoma kwenye njia kuu za Uingereza.

Nilimweleza babu haya yote pale Voi, nikiwa na simu mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama najua Mount Gelai.

Najua. Mtu yeyote aliyewahi kuingia makumbusho ya reli Nairobi anaijua, hata kama aliingia kwa ajili ya lile behewa ambalo simba alimtoa Charles Ryall pale Kima mwaka wa 1900. Mount Gelai, namba 5918, ni Garratt ya aina ya 59. Ziko 34 zilizojengwa na Beyer Peacock kule Manchester mwaka wa 1955 na 1956, yaani wakati uleule Waingereza walikuwa wakijenga 9F zao. Kila moja ina uzito wa takriban tani 250, ina seti mbili za magurudumu na boila katikati, na inachoma mafuta mazito badala ya makaa. Zilikuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote duniani kwenye reli ya upana wa mita moja, na kazi yake kubwa ilikuwa kuvuta mizigo kutoka Mombasa kupanda hadi Nairobi. Rangi yake ilikuwa nyekundu ya damu ya mzee. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki: Gelai uko karibu na Ziwa Natron, na Shengena, jina la mwenzake aliye kwenye makumbusho hayohayo, uko Upare.

"Ile ilikuwa na wenyewe," babu alisema.

Maana yake ni hii. Injini hizo hazikupewa dereva yeyote aliyefika zamu. Zilikuwa na madereva wake, na dereva aliyejua kwamba kesho na keshokutwa atarudi kwenye mashine ileile aliitunza kama nyumba. Shaba ilisuguliwa hadi ujione uso. Babu anasema kuna mmoja aliyepitisha leso nyeupe nyuma ya mabomba, na leso ikirudi na weusi, unarudi juu. Garratt hizi ziliendelea na kazi hadi miaka ya 1970, wakati 9F zilikuwa zimeshakatwa vyuma chakavu, isipokuwa chache.

Hapo nikafanya kile ambacho mtu aliyesoma nusu ya digrii hufanya. Nikamwambia kwamba mng'ao huo nao una bei yake. Kwamba reli ya mkoloni ilipangwa kwa rangi ya ngozi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na kwamba kwa miaka mingi Mwafrika aliruhusiwa kusugua injini na kuilisha moto muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kuiendesha. Kwamba shedi ya Nairobi iling'aa kwa sababu mikono ilikuwa mingi na malipo madogo, na shedi ya Uingereza ikachafuka kwa sababu mikono ya huko ilikuwa imepata kazi bora. Bado naamini hivyo. Nikitazama injini safi kwenye picha ya zamani, siku hizi swali langu la kwanza ni nani alilipwa kuipanguza, na kiasi gani.

Babu hakubishana. Alisema, "Mshahara ulikuwa mbaya. Hilo umesema kweli." Akanyamaza. "Lakini mimi sikuisugua kwa ajili ya mshahara."

Alikuwa msafishaji kwa miaka mitano. Akawa faiamani 1971. Kwenye injini ya mafuta faiamani habebi sepetu; anakaa na vali, anasikiliza moto, na mara kwa mara anamwaga mchanga kwenye tanuru ili usugue masizi ndani ya mirija, na bomba linatoa moshi mweusi kama dhambi. Dereva hakuwahi kuwa. Dizeli zilikuwa zimekuja, na 1977 Jumuiya ikavunjika na reli ikagawanywa. "Ngazi iliondolewa nikiwa katikati yake," alisema, bila uchungu, kama mtu anayetaja stesheni. Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia injini.

"Hii rangi imekauka?" akauliza.

Haikuwa imekauka kabisa. Rangi ya mafuta huchukua siku nyingi, na sikuwa nimepaka vanishi ya mwisho. Nikamwambia tapentaini bado inaweza kuisogeza. Nilikuwa na kichupa na pamba za masikio ndani ya begi, kwa sababu mtu mwenye ugonjwa huu husafiri na dawa.

Akashika kijiti kimoja cha pamba kwa vidole ambavyo sikuamini vingeweza kukishika. Akakichovya, akakikausha kidogo kwenye tisho, na akaanza ubavu wa kushoto, juu kwenda chini, mipigo mifupi. Hakufuta kama mimi. Mimi nilifuta kila mahali sawasawa, kama mtu anayepangusa meza. Yeye alianza kwenye namba. Kisha vishikio vya mkono: "Hapa kila mtu anashika akipanda. Hapa hapawezi kuwa na masizi." Kisha chini ya dirisha: "Hapa dereva anaweka kiwiko." Akaruka sehemu nzima nyuma ya bomba la mvuke, akairudia kuitazama, akaiacha. "Hapa kitambaa hakifiki. Hata uwe na leso ya nani." Akaacha pia mstari mwembamba chini ya kila riveti, na ukingo wa chini wa boila ambapo, kwa maelezo yake, mkono wa mtu aliyesimama kwenye ngazi unaishia.

Ilichukua karibu saa nzima na vijiti 19. Alipomaliza, upande wa kushoto ulikuwa na uchafu kama robo ya ule niliouweka, na kwa mara ya kwanza ule udongo wangu ulionekana kama umekaa pale kwa sababu. Ungeweza kusema mtu alikuwa wa kimo gani kwa kuangalia masizi yalipoanzia.

Nikaigeuza. Upande wa kulia ulikuwa bado 1967, mvua, namba haisomeki. Nikamsogezea kijiti kingine.

"Huo waachie Waingereza," babu akasema, na akaulizia chai.